Ekzosi ya kelele haipandishi viazi mlimani

NJIA ya kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni ina urefu wa kilometa zipatazo 33, na karibu yote ni ya kupanda. Mboga, viazi na matunda vinashuka. Mbolea, mbegu, dawa za mimea na bidhaa za dukani vinapanda. Lakini kazi ngumu zaidi ya pikipiki haiko kwenye lami. Iko kwenye vijia vya kutoka mabondeni hadi barabarani, ambako gari halifiki na pikipiki ya cc 125 au 150 inapandisha viazi gunia kwa gunia, mara nyingi lumbesa, kwa gia ya kwanza.

Pikipiki ya kazi ya namna hiyo haikai miaka mingi kabla ekzosi yake kutoboka. Huanza kwa mlio wa kukwaruza. Baadaye moshi hutoka pembeni, na mwisho bomba linaning'inia kwa waya. Hapo ndipo mwenye chombo anapofika duka la spea na kukuta mambo manne ya kuchagua: ekzosi halisi ya kampuni, ekzosi ya kuiga, ile fupi inayong'aa inayoitwa ya michezo, au kurudi kwa fundi wa kuchomelea na bomba lake la zamani.

Wengi huangalia bei na mwonekano tu. Vijana wa bodaboda huangalia pia mlio, kwa imani kwamba pikipiki inayonguruma ina nguvu zaidi. Kwa mtu anayetegemea chombo kimoja kulipia hesabu ya tajiri, au kufikisha mazao sokoni kabla hayajanyauka, makosa katika uchaguzi huu hujirudia kila siku kwenye petroli, na wakati mwingine huishia kwenye vali iliyoungua na injini iliyofunguliwa katikati ya msimu.

Kazi ya bomba

Kuna imani mbili zinazogongana gereji. Ya kwanza ni kwamba bomba likiwa wazi kabisa injini inapumua vizuri na kupata nguvu. Ya pili ni kwamba injini lazima ibanwe kidogo, la sivyo inakosa nguvu. Kila moja imeshika kipande cha ukweli.

Vali ya kutolea moshi inapofunguka, moshi hautoki taratibu kama wa jikoni. Unatoka kwa kishindo, na kishindo hicho kinasafiri ndani ya bomba kama wimbi. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, sehemu yake inarudi nyuma ikiwa ya kuvuta badala ya kusukuma. Likirudi kwenye vali kwa wakati unaofaa, linasaidia kunyonya mabaki ya moshi na kuacha nafasi kwa petroli na hewa mpya. Likirudi mapema mno au likichelewa, faida hiyo inapotea.

Kwa hiyo kinachotakiwa si kubana wala kuachia. Kinachotakiwa ni urefu na upana unaolingana na mwendo ambao injini inafanyia kazi. Bomba refu na jembamba husaidia injini inayozunguka polepole na mzigo. Bomba fupi na pana husaidia injini inayozunguka kwa kasi kubwa.

Ekzosi za michezo zilibuniwa kwa ajili ya kundi hilo la pili: pikipiki za mashindano na zile za magurudumu manne za kukimbizana kwenye mchanga na matope, kama Yamaha Raptor 700 yenye injini ya cc 686. Mwenye mashine hiyo anataka nguvu injini inapokuwa juu kabisa. Anapobadili bomba, mara nyingi hubadili pia chujio cha hewa na kupanga upya kiasi cha petroli. Yuko tayari kupoteza kidogo chini ili apate juu.

Mbeba viazi anataka kinyume chake. Injini yake ya cc 100 hadi 150 imepangwa ivute vizuri katika mwendo wa kati, na yeye hutumia muda mwingi chini ya hapo, akiachia klachi polepole kwenye mteremko wenye utelezi. Akifunga bomba fupi la michezo, sauti inaongezeka na anayesikia anadhani nguvu imeongezeka pia. Akifika mlimani na mzigo analazimika kuongeza moto ili apande palepale alipokuwa akipanda bila shida. Anayelipa petroli hiyo ni yeye.

Kwa wenye pikipiki za zamani zinazochanganya oili na petroli, kama Suzuki AX100, jambo hili ni kali zaidi. Katika injini hizo ekzosi ni sehemu ya injini hasa, kwa sababu wimbi linalorudi ndilo linalozuia petroli mpya isitoroke na moshi. Kukata bomba la AX100 au kulifunga la pikipiki nyingine ni kuiharibu kwa makusudi. Ikipoteza nguvu, kitu cha kwanza kuangalia ni masizi ya oili yaliyoziba bomba, na hayo husafishwa bila kununua chochote.

Petroli ikizidiwa na hewa

Tatizo la pili la bomba lililo wazi halionekani kwa macho. Moshi ukitoka kwa urahisi zaidi, hewa inayoingia nayo huongezeka. Pikipiki ya kabureta haijui kwamba bomba limebadilishwa. Jeti iliyomo ina tundu lilelile. Matokeo yake petroli inakuwa kidogo ikilinganishwa na hewa, hasa piga likivutwa hadi mwisho, na moto ndani ya silinda unakuwa mkali kupita kiasi.

Plagi ndiyo inayotoa habari. Fundi mzoefu humwambia mwenye pikipiki aipandishe mlima na mzigo, azime injini palepale juu, halafu afungue plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia kama ya chai ya maziwa, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeupe na kavu, petroli haitoshi, na kuendelea hivyo ni kuhatarisha vali na pistoni. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi na nyingine inatupwa nje bila kuungua. Weusi wenye mafuta ni habari nyingine tena: hiyo ni oili inayopita kwenye ringi au mpira wa vali, na hakuna ekzosi itakayoitibu.

Dawa ya plagi nyeupe ni kuweka jeti kubwa yenye namba ya juu kidogo, hatua moja baada ya nyingine, na kupima tena. Wanaouza mabomba ya michezo mara chache hutaja gharama hiyo.

Kwa watu wa milimani kuna jambo jingine la kuzingatia. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa takriban sehemu moja ya kumi katika tofauti hiyo, hivyo kabureta ileile humwaga petroli nyingi zaidi kuliko hewa iliyopo. Pikipiki iliyopangwa Tanga mjini huonekana inakohoa na kuweusisha plagi Lushoto. Iliyopangwa Lushoto ikishushwa Korogwe kwa mwendo mrefu, petroli yake inapungua kuliko inavyotakiwa. Hivyo kabureta ipangiwe pale pikipiki inapofanya kazi siku nyingi, na siyo pale ekzosi iliponunuliwa.

Pikipiki nyingi mpya zinazotumia mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli hujirekebisha zenyewe kwa kiasi. Baadhi yake zina kifaa cha kupima moshi kilichofungwa kwenye bomba. Bomba la kubadilisha lisilo na tundu la kifaa hicho linaiacha injini haijui inachofanya, hata likiwa la bei ya kuvutia namna gani.

Kupima badala ya kubishana

Ubishi wa kijiweni juu ya bomba lipi linakula petroli unaweza kumalizwa na mtu mmoja kwa siku mbili. Kabla ya kubadilisha, ajaze tangi hadi shingoni, asome kilometa, afanye kazi yake ya kawaida, kisha ajaze tena hadi palepale na kuandika lita zilizoingia. Baada ya kubadilisha arudie kwa njia ileile na mizigo ya kulingana. Daftari la shule linatosha.

Kwa mfano, pikipiki iliyokuwa ikitumia lita 2.5 kwa kilometa 100 sasa inatumia lita 2.8. Tofauti ya lita 0.3 inaonekana si kitu. Lakini chombo kinachotembea kilometa 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kitakunywa lita 7.8 zaidi kila mwezi, na lita 93 na ushei kwa mwaka. Kila mtu anajua bei ya lita ya kwao. Azidishe, kisha alinganishe na tofauti ya bei kati ya ekzosi halisi na ya kuiga. Mara nyingi ile iliyoonekana ghali dukani inageuka kuwa rahisi kabla msimu haujaisha.

Kupanda nako kunapimwa. Kilima kimoja, mzigo mmoja, gia moja. Pikipiki iliyokuwa ikimaliza kilima kwa gia ya pili na sasa inadai ya kwanza imekwisha sema.

Kununua kwa mikono

Ekzosi ya kuiga si mbaya zote. Nyingine zimetengenezwa kwa vipimo vilevile, na tofauti yake ni unene wa bati tu. Mnunuzi anaweza kujua mengi akiwa amesimama kaunta.

Kwanza aishike. Nyepesi mno ni bati jembamba, na bati jembamba ndilo linalotoboka kwanza. Aitikise: kitu kikicheza ndani, sahani za kupunguza sauti hazikuchomelewa vizuri na zitakatika barabara ya makorongo ikianza kuitingisha. Achungulie pande zote mbili. Aweke ya zamani kando yake na kulinganisha upana wa bomba la mbele, urefu, na mahali pa kufungia boliti. Tundu la boliti likipishana hata kidogo, fundi atalivuta kwa nguvu lifike, na bomba lililofungwa kwa kuvutwa hupasuka shingoni.

Mng'ao usimpumbaze. Kromu nzuri ni ngozi ya juu tu, na chini yake kutu inaweza kuwa imeanza safari. Wapo pia wanaopima kwa sumaku wakiamini chuma kisichoshika kutu hakivutwi. Kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa aina fulani za chuma hicho zinazotumika sana kutengenezea ekzosi huvutwa na sumaku vizuri kabisa.

Aina za michezo nyingi hujazwa ndani sufi ya nyuzi za kioo ili kupunguza sauti. Sufi hiyo huungua na kupeperuka kidogo kidogo, na kelele huongezeka mwezi hadi mwezi mpaka ibadilishwe. Ekzosi ya kawaida ya pikipiki ya kazi hutumia vyumba na sahani za chuma, haina cha kubadilisha.

Kutu nayo haitoki nje peke yake. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke ambao ukipoa ni karibu lita moja ya maji. Pikipiki inayokwenda safari fupi fupi, nyumbani hadi dukani na kurudi, haipati moto wa kutosha kuyakausha, na maji hayo hulala ndani ya bomba. Ndiyo sababu ekzosi nyingi zina tundu dogo upande wa chini. Wapo mafundi wanaoliziba kwa kuchomelea wakidhani ni kasoro! Mwenye chombo asikubali.

Wanaobeba mbolea ya chumvichumvi au dagaa wa chumvi wana adui wa ziada. Vumbi na maji yake vikidondokea bomba la moto huganda na kula chuma. Kuliosha kwa maji safi jioni, likiwa limeshapoa, ni kazi ya dakika tano.

Na je, kuchomelea? Kwa tundu moja kwenye sehemu ya nyuma ya bomba ambalo bati lake bado ni nene, kiraka kizuri ni uamuzi wa busara kuliko kununua bovu jipya. Ila bati likiwa limeliwa pande zote, kila kiraka kinashikilia kutu na kesho kunatoboka pembeni yake. Betri itolewe waya kabla ya kuchomelea, na ekzosi ikitolewa kabisa kwenye pikipiki ni bora zaidi.

Majirani, ng'ombe na majani makavu

Kelele inayompendeza kijana kijiweni ina hesabu yake. Wataalamu wa afya kazini huweka kiwango cha desibeli 85 kwa saa nane za kazi, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda wa usalama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 94 ni saa moja tu. Dereva wa bodaboda anayekalia bomba lililotobolewa tangu alfajiri hadi usiku anauza masikio yake bila bei. Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2009 na Tanzania mwaka 2015, na askari wa usalama barabarani hahitaji kipimo ili kusimamisha pikipiki iliyotolewa kizuia sauti.

Mfugaji ana sababu yake nyingine. Ng'ombe akishtuka huzuia maziwa, kwa sababu hofu huzima ile hali ya mwili inayoyashusha. Mkusanyaji wa maziwa anayeingia na bomba la kunguruma saa ya kukamua anapunguza mwenyewe mzigo aliokuja kuuchukua. Kuku nao wakishtuka hukimbilia kona moja na kulaliana.

Kuna na moto. Ekzosi ya injini iliyofanya kazi inaweza kuyeyusha gunia la salfeti lililoning'inia pembeni, na kuunguza majani ya ng'ombe yaliyofungwa ovyo. Bomba lililotolewa sahani za ndani linaweza pia kurusha chembe za masizi zikiwa nyekundu. Nchini Marekani, pikipiki na zile za magurudumu manne hazikubaliwi katika misitu ya taifa bila kizuia cheche kwenye ekzosi. Huku kwetu mwenye shamba la mahindi yaliyokauka au rundo la mabua afikirie jambo hilohilo mwezi wa Septemba.

Kingio la joto nalo liangaliwe. Ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia, na kovu kwenye mguu wa kulia ni kitu cha kawaida kwa abiria, hasa kina mama na watoto. Ekzosi isiyo na bati la kukinga haifai kwa chombo cha abiria. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, siyo dawa ya meno wala mafuta ya kula.

Siku ya kufunga

Hata ekzosi bora hushindwa ikifungwa vibaya, na kosa kubwa ni gasketi. Ile pete ndogo kati ya bomba na injini hubonyea mara moja tu. Ikirudishwa ya zamani haizibi, hewa inaingia, na pikipiki huanza kupiga mlio wa bunduki dereva anapoachia piga kwenye mteremko. Wengi hukimbilia kuchezea kabureta wakati tatizo ni pete ya bei ndogo kuliko chupa ya soda. Kujua kama inavuja, injini iwashwe ikiwa baridi na mkono upitishwe karibu na maungio, bila kugusa. Moshi unaotoka huhisiwa mara moja.

Nati za shingoni zikazwe zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, kabla ya boliti kubwa ya nyuma. Fundi anayeanza na ya nyuma anapotosha bomba. Uzi ukiwa na kutu upakwe oili ya kupenya na kuachwa usiku mzima, kwa sababu skurubu ikikatikia ndani ya hedi, kazi ya nusu saa inageuka ya siku mbili.

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, pikipiki ikiwa imepoa, nati hizo zikazwe tena. Chuma kipya kikipata moto na kupoa hulegea kidogo, na hapo ndipo uvujaji mwingi unapoanzia. Na bomba la zamani, kama bado lina umbo, lisiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu siku hiyohiyo. Likae stoo mpaka tangi lijazwe mara mbili na daftari lionyeshe lita ngapi zimeingia.